Kufundisha Uchaguzi na Matumizi ya Keekee ya Betri kwa Kazi za Nyumbani

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwalimu wa masomo ya ufundi, pamoja na mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu, afundishe namna ya kuchagua na kutumia keekee ya betri katika kazi ndogo ndogo za nyumbani. Chombo hiki, ambacho wauzaji na mafundi wengi hukiita drili, siku hizi kinaonekana madukani katika miji ya mkoa wetu wa Simiyu, na mikononi mwa mafundi wanaofunga vitasa, mapazia na rafu katika nyumba za walimu na za wakulima wa pamba.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kutumia vipindi viwili vya chuo kwa ajili ya chombo kimoja cha dukani? Haja zipo mbili. Kwanza, mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa elimu ya amali katika shule za sekondari. Mwalimu ambaye hajawahi kutoboa ubao kwa mikono yake hawezi kumwelekeza mwanafunzi atoboe. Atabaki kuchora chombo ubaoni na kutaja sehemu zake. Pili, keekee ya betri ni ghali ikilinganishwa na mshahara wa mwalimu anayeanza kazi, na aghalabu hununuliwa kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo mara nyingi haisemi kweli. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kuchagua keekee anajifunza pia kupima madai ya muuzaji kabla ya kufungua mkoba. Jambo hilo si geni katika elimu yetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaja akili yenye kudadisi kuwa mojawapo ya mambo ambayo shule inapaswa kuyajenga ndani ya mwanafunzi.

Methali yetu husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake, maana majembe yote yana kazi moja, na tofauti iliyopo ni mkono wa mlimaji. Keekee za betri hazifanani hivyo. Ipo inayofaa mbao tu, ipo inayofaa mbao na tofali, na ipo isiyofaa kitu baada ya miezi michache. Rai ya makala haya ni kwamba somo lianzie kwenye tundu linalotakiwa, kisha lifike kwenye chombo. Mwalimu akianza na chombo, wanafunzi watakipenda chombo na kulisahau tundu.

1. Asili ya Chombo

Yafaa mwalimu ajue historia fupi ya chombo anachokifundisha, ili wanafunzi waone kwamba kila sehemu yake ilitokana na shida fulani ya kazi. Maseremala wa zamani walitoboa kwa keekee ya mkono, ambayo nguvu yake ilikuwa ni nguvu ya mtu mwenyewe. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza keekee ya umeme ya kwanza iliyoweza kubebwa. Ilikuwa nzito na ilihitaji mikono miwili. Mwaka 1917 kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilipata hataza ya keekee yenye mpini kama wa bastola na kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na umbo hilo ndilo tulionalo mpaka leo. Kampuni hiyo hiyo ilitoa keekee ya betri mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli na kadimiamu.

Betri hizo za mwanzo zilikuwa nzito na zilihifadhi umeme kidogo. Mabadiliko makubwa yalikuja na betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo baadaye ziliingia katika vyombo vya ufundi. Wataalamu watatu waliochangia ugunduzi huo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Seli za namna hiyo ndizo zilizomo katika simu za mkononi. Mwanafunzi anayejua kutunza betri ya simu yake ana mahali pazuri pa kuanzia somo hili.

2. Kuanzia kwenye Tundu

Kabla ya kuonyesha chombo chochote, mwalimu awaombe wanafunzi wataje kazi za nyumbani zinazohitaji tundu au skrubu. Majibu hayatakosa haya: kufunga kitasa na bawaba, kutundika fimbo ya pazia, kuweka rafu ya vyombo au vitabu, kukaza miguu ya meza na viti, kutengeneza banda la kuku, na kurudishia ubao uliolegea katika fremu ya chuma ya dawati. Kwa kila kazi waulizwe maswali matatu: Tundu litapita katika kitu gani? Litakuwa na upana na kina gani? Matundu ni mangapi kwa mwaka?

Swali la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa kwa kitu kimoja. Ni vema mwalimu aeleze aina zifuatazo, kila moja ikiwa na kipande chake cha kuonyesha:

(a) Mbao laini, kama zile za msonobari zitokazo katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi. Hizi hutoboka kwa urahisi, na hata keekee ndogo inazimudu.

(b) Mbao ngumu zaidi, kama mninga. Hizi hutaka biti kali na tundu la kutangulia kabla ya skrubu. Bila tundu hilo ubao hupasuka, au skrubu hukatika shingo.

(c) Chuma laini, kama fremu ya dawati au ya dirisha. Hutaka biti ya chuma, mwendo wa pole na tone la mafuta.

(d) Tofali la kuchoma. Hutobolewa kwa biti ya ukuta yenye ncha ngumu. Kama tofali ni laini, keekee izungushe tu bila kupiga, maana pigo la nyundo hulimong'onyoa tofali na tundu huwa pana kuliko plagi.

(e) Tofali la saruji. Hapa keekee yenye pigo la nyundo inahitajika.

(f) Zege la lenta na nguzo. Zege gumu lenye nondo si kazi ya keekee ndogo ya betri. Hutaka mashine kubwa ya nyundo, ambayo ni afadhali kumwita fundi mwenye nayo kuliko kuinunua.

(g) Tofali bichi la udongo. Ukuta huu hutoboka kwa wepesi, lakini haushiki kitu. Skrubu itazunguka ndani ya vumbi. Dawa yake ni kuchimba nafasi, kupachika kipande cha mti mkavu, kukiziba kwa udongo au saruji, na kuacha pakauke. Kisha skrubu ishike ule mti.

Aina hiyo ya mwisho isiachwe. Wanafunzi wengi wa mkoa wetu wanatoka katika nyumba za matofali ya udongo, nao wakifundishwa ukuta wa saruji peke yake watadhani kwamba somo hili ni la watu wa mjini.

3. Kusoma Namba za kwenye Boksi

Baada ya wanafunzi kujua tundu wanalolitaka, sasa waoneshwe boksi. Mwalimu aandike ubaoni namba zilizochapishwa juu yake, na darasa lizichambue moja baada ya nyingine.

Volti. Betri ya keekee imeundwa kwa seli zilizofuatana. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Seli 5 zikifuatana hutoa volti 18 kwa wastani, na 21 zikiwa zimejaa. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18 na nyingine huandika 20, ilhali betri zao zina seli tano zile zile. Vivyo hivyo, betri yenye seli 3 ina wastani wa volti 10.8, lakini huuzwa kwa jina la volti 12. Hapo hapana udanganyifu mkubwa. Ni namna mbili za kuhesabu.

Udanganyifu huja pale boksi linapoandikwa 48, 88 au hata zaidi, na ndani yake mna seli tano. Hesabu ya darasani inatosha kuonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani: 5 × 4.2 ni 21. Kama chuo kina mita ya kupimia umeme, mwalimu mwenyewe apime betri iliyojaa mbele ya darasa, akichunga ncha mbili za mita zisigusane. Mita ikisoma 20 na kitu wakati boksi linasema 48, wanafunzi hawatahitaji maelezo marefu. Kamwe betri isifunguliwe ili kuhesabu seli, kwa kuwa seli ya lithiamu iliyotobolewa au kuunganishwa vibaya huweza kushika moto.

Ampea-saa. Namba hii huonyesha wingi wa umeme uliohifadhiwa. Ikizidishwa kwa volti za wastani hutoa wati-saa, na hiyo ndiyo namba ya kulinganishia betri mbili. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Betri ya volti 18 na ampea-saa 1.3 ina wati-saa 23.4. Ile ya kwanza ingeweza kuwasha taa ya wati 9 kwa saa 4. Ya pili isingefikisha saa 3. Mfano wa taa huwasaidia wanafunzi, kwani taa wanaijua.

Nguvu ya msokoto. Hii hupimwa kwa newton-mita, nayo huonyesha uwezo wa keekee kusokota skrubu ngumu au biti pana. Mwalimu aitofautishe na kasi. Mtu anayepanda mlima kwa baiskeli yenye gia huchagua gia nyepesi. Anakwenda polepole, lakini ana nguvu. Keekee nyingi za betri zina gia mbili: namba 1 kwa skrubu na biti pana, namba 2 kwa biti nyembamba.

Pete ya klachi. Karibu na taya zinazoshika biti kuna pete yenye namba, kwa mfano 1 hadi 18. Namba hizo si newton-mita. Ni ngazi tu. Klachi huachia msokoto ukifika kiwango kilichowekwa, ili skrubu isizame kupita kiasi wala kichwa chake kisichakae. Mtumiaji aanze na ngazi ya chini na kupanda kidogo kidogo. Alama ya biti kwenye pete hiyo humaanisha kwamba klachi haitaachia, nayo hutumika wakati wa kutoboa.

Upana wa taya. Taya nyingi hushika biti zenye shina lisilozidi milimita 10, na zile kubwa milimita 13. Kwa kazi za nyumbani milimita 10 hutosha.

Mota. Zipo mota zenye vipande vya kaboni na zisizo navyo. Zenye kaboni ni nafuu, na kaboni zikiisha fundi huweza kuzibadilisha pale muundo unaporuhusu. Zisizo na kaboni hutumia umeme wa betri kwa ufanisi zaidi na hudumu, lakini bei yake ni kubwa. Mtu anayetoboa matundu machache kwa mwezi hana sababu ya kulipia tofauti hiyo.

4. Je, Inunuliwe?

Mwalimu asilichukulie swali hili kuwa limekwisha jibiwa. Wanafunzi wapewe mifano ya kaya na waamue kwa hoja. Mifano mitatu ifuatayo yaweza kutumika:

Kaya ya kwanza imepanga chumba, haina umeme, na inahitaji matundu manne ya kutundikia pazia. Hapa jibu ni kumlipa fundi au kuazima. Keekee ya mkono nayo yafaa, ikiwa kazi ni ya mbao.

Kaya ya pili ina nyumba yake ya matofali ya saruji, ina umeme wa kudumu, na kazi nyingi zi karibu na soketi. Huyu afikirie keekee ya waya. Kwa fedha ile ile hupata nguvu nyingi zaidi, na hakuna betri ya kuzeeka.

Kaya ya tatu ni ya mwalimu aliyehamia kijijini, ambaye hutengeneza samani, mabanda na madawati ya shule, na ambaye kazi zake nyingi ziko mbali na soketi. Huyu ndiye anayehitaji keekee ya betri. Ile ya volti 18 yenye gia mbili, klachi na pigo la nyundo, pamoja na betri mbili, itamfaa kwa miaka mingi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize maswali haya: Je, betri ya aina hii yauzwa peke yake, hapa Bariadi au Mwanza? Je, betri hiyo yaingia katika vyombo vingine vya kampuni hiyo? Je, plagi ya chaja yafaa soketi zetu za volti 230? Je, risiti yaonyesha muda wa dhamana? Betri ndiyo sehemu inayochakaa mapema. Keekee nzuri isiyo na betri ya kuibadilishia ni mzigo wa kutunza kabatini. Maswali haya yana uzito wa pekee katika msimu wa pamba, ambapo fedha huingia mkononi kwa mkupuo na wachuuzi huwa wengi.

5. Kufundisha Matumizi

Hatua za matumizi zifundishwe kwa vitendo, kwa mpangilio mmoja usiobadilika, mpaka ziwe mazoea:

Kwanza, vaa miwani ya kinga. Nywele ndefu zifungwe. Kanga, mtandio na mikono mipana ya nguo vibanwe mbali na chombo, na saa ivuliwe. Glavu za kitambaa zisivaliwe wakati wa kutoboa, kwa sababu biti inayozunguka huweza kuinasa glavu pamoja na kidole.

Pili, chomoa betri kabla ya kuweka au kubadilisha biti. Ingiza biti katikati ya taya, kaza, kisha rudisha betri na uizungushe hewani kidogo. Biti ikiyumba, imekaa upande.

Tatu, weka alama. Kwenye mbao tumia penseli na ncha ya msumari. Kwenye chuma weka ncha kali ya msumari mgumu juu ya alama na uugonge kwa nyundo mara moja, ili biti isiteleze.

Nne, bana kazi kwa jiriwa au kwa kibanio mezani. Kipande kidogo kisishikwe kwa mkono hata mara moja. Biti ikikwama, kipande huzunguka nayo na kukata vidole.

Tano, anza polepole, ukiikaza keekee iwe wima kwenye kazi. Sukuma kwa kiasi. Biti kali hukata yenyewe. Kila tundu linapokuwa refu, vuta biti nje kidogo ili unga wa mbao utoke. Karibu na kutokea upande wa pili, punguza msukumo. Ubao wa taka ukiwekwa nyuma, kazi haitapasuka mgongoni.

Sita, kwa skrubu, toboa kwanza tundu la kutangulia. Skrubu ya milimita 4 hutaka tundu la takriban milimita 2.5 katika mbao laini, na milimita 3 katika mbao ngumu.

Saba, kwa ukuta, tazama kwanza swichi na soketi ziko wapi. Nyaya aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu wala chini yake. Pia usitoboe upande wa pili wa bomba la maji bila kuuliza limepita wapi. Ukitoboa juu ya kichwa, kinga macho na pumzi, maana vumbi la saruji hudhuru mapafu.

Juu ya chuma, mwalimu anaweza kuunganisha somo hili na hisabati. Kwa chuma laini, ukingo wa biti huchukuliwa uende takriban mita 25 kwa dakika. Mzingo wa biti ya milimita 6 ni 3.14 × 6, yaani milimita 18.84. Milimita 25,000 zikigawanywa kwa 18.84 hupatikana mizunguko ipatayo 1,327 kwa dakika. Biti ya milimita 10 hupata mizunguko 796 tu. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hii kwa mkono wake hatasahau kwamba biti pana hutaka mwendo wa pole, na ataelewa kwa nini biti aliyoikimbiza ilibadilika rangi na kuwa butu.

Utunzaji wa betri nao ufundishwe. Isiachwe juani, juu ya bati wala ndani ya gari lililofungwa. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Ikiwekwa kwa miezi mingi, iwekwe ikiwa na umeme kiasi cha nusu, wala isiwe tupu kabisa. Betri iliyovimba isichajiwe tena, isichomwe moto, wala isitupwe chooni au shimoni. Irudishwe kwa muuzaji au kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

6. Andalio la Somo

Tatizo la vyuo na shule zetu ni wingi wa wanafunzi na uchache wa zana. Mpango ufuatao umekusudiwa darasa la wanachuo 40, keekee moja ya betri, na vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja. Betri ichajiwe tangu siku iliyotangulia, ili kukatika kwa umeme kusivunje somo.

Utangulizi, dakika 10: darasa lote litaje kazi za nyumbani na kuzipanga kwa aina za kuta na mbao, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili.

Maendeleo, dakika 60: wanachuo wagawanywe katika vikundi 4 vya watu 10. Kila kikundi kipite katika vituo vinne, dakika 15 kila kituo.

Kituo cha kwanza ni cha uchaguzi. Pana karatasi zenye maelezo ya keekee tatu za kubuni, na mifano ya kaya. Kikundi kiamue na kuandika sababu.

Kituo cha pili ni cha hesabu. Wanachuo watafute wati-saa na mizunguko ya biti.

Kituo cha tatu ni cha keekee ya mkono na bisibisi. Hapa hujifunza kushika wima, kuweka alama na kuhisi ubao unavyokatika. Kituo hiki kisidharauliwe. Mkono uliozoea chombo cha polepole huwa makini unapopewa chombo cha haraka.

Kituo cha nne ni cha keekee ya betri, na mwalimu mwenyewe hukaa hapo muda wote. Dakika 15 kwa watu 10 ni dakika moja na nusu kwa kila mtu. Muda huo hutosha tundu moja na skrubu moja katika ubao laini uliokwisha kubanwa na kuwekwa alama. Tofali na chuma visubiri somo linalofuata.

Hitimisho, dakika 10: kila kikundi kieleze uamuzi mmoja wa kituo cha kwanza, na vikundi vingine viupinge au viukubali kwa hoja.

Katika mazoezi ya kufundisha huonekana jambo moja linalohitaji hadhari. Kikundi cha mchanganyiko kikiachiwa chombo, wavulana hukishika na wasichana huachiwa penseli na futi kamba. Mwisho wa kipindi daftari za wasichana huwa safi, na mikono yao haijatoboa kitu. Mwalimu aandike orodha ya zamu kwa majina kabla ya somo, na zamu ya mtu isiuzwe wala kupewa mwingine. Msichana huyu kesho atakuwa mwalimu katika shule ya Itilima au Meatu. Akifika huko bila kuwahi kushika chombo, wasichana atakaowafundisha nao watapewa penseli.

7. Tathmini

Tathmini ya somo hili isiishie kwenye maswali ya kutaja sehemu za keekee. Majukumu matatu yanapendekezwa.

La kwanza ni la mkono: mwanachuo atoboe tundu wima na kufunga bawaba kwa skrubu. Apimwe kwa usalama, kwa unyoofu wa tundu, na kwa hali ya kichwa cha skrubu. Atakayesahau miwani au kuacha betri ndani akibadilisha biti arudie zoezi, hata kama tundu lake ni zuri.

La pili ni la uamuzi: apewe kaya asiyoijua na kiasi cha fedha, naye ashauri kununua, kuazima, au kumwita fundi. Jibu la kutonunua lihesabiwe sawa na jibu la kununua, mradi hoja zake ni nzito.

La tatu ni la ufundishaji: mwanachuo amweleze mwenzake kwa dakika tano kwa nini betri ya volti 18 na ile ya volti 20 huweza kuwa sawa, akitumia lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataielewa.

Hitimisho

Keekee ya betri ni chombo kidogo, lakini ndani yake mna sayansi, hesabu, uchumi wa nyumbani na tabia njema ya kazi. Shule isiyo na keekee hata moja bado yaweza kufundisha sehemu kubwa ya somo hili, kwa kuwa kuta, mbao, hesabu na mifano ya kaya vinapatikana kila mahali, na fundi wa kijijini aweza kualikwa kwa saa moja kuja na chombo chake. Mwalimu anayesoma makala haya aanze na zoezi jepesi: awaagize wanafunzi wake wakague nyumba zao usiku wa leo, wahesabu matundu yanayohitajika, na waandike kila tundu litapita katika kitu gani. Kesho asubuhi orodha hizo zitakuwa zana ya kwanza ya somo, na hazitagharimu chochote.